Ngemi na Mnong'ono: Kuchagua Kinasa Sauti cha Nukta Inayoelea

Hapa Nyeri mmeamua kuketi chini ya mabati mwezi wa Aprili hali mkijua kwamba mvua ya alasiri haibishi hodi.

Kabla sijaanza, hebu mtazame hapa mezani. Kidude hiki cheusi, kisichozidi kiganja changu, ni kinasa sauti. Nilikiwasha kabla mwenyekiti hajagonga meza. Hakina pa kuzungusha ili uongeze au upunguze sauti inayoingia, nami sitakigusa mpaka nimalize. Tutakirudia.

Nimeombwa nieleze jinsi ya kuchagua kinasa sauti cha kubeba mkononi, au kile kisanduku kinachounganisha maikrofoni na kompyuta ambacho mafundi hukiita intafesi. Hasa nieleze hivi vinavyouzwa siku hizi kwa maneno makubwa ya "biti 32 za nukta inayoelea". Nitajaribu kuonyesha ni nini kinachoelea, wapi kuelea huko kunakoma, na nani kati yetu anakihitaji. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana nami aanze kuandaa maswali: chombo hiki kinamfaa mtu anayerekodi peke yake jambo lisilorudiwa. Wengine wote, na ni wengi, pesa zao ziende kwanza kwenye maikrofoni.

Hoja ya kwanza: ngemi haitoi taarifa

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kurekodi ruracio, yaani mazungumzo ya mahari, upande wa Karatina. Ni jamaa zangu, kwa hiyo nilipewa kiti karibu na wazee. Guka, yaani babu, aliyekuwa msemaji wa upande wetu alikuwa na sauti ya mtu mwenye hakika kwamba atasikilizwa. Hakuipandisha hata kidogo. Nikainua geini ya kinasa changu, yaani kiwango cha kukuza sauti inayoingia, mpaka maneno yake yakasikika vizuri kwenye hedifoni. Nikaridhika. Dakika arobaini baadaye wazee wakakubaliana juu ya mbuzi waliobaki, na mashangazi zangu sita waliokuwa wamesimama nyuma ya mgongo wangu wakapiga ngemi, vigelegele vya Kigikuyu.

Mnajua ngemi. Kwa desturi ya Wagikuyu, mtoto wa kiume akizaliwa hupokewa kwa ngemi tano, wa kike kwa ngemi tatu, na jirani aliye ng'ambo ya bonde anahesabu na kujua habari bila kuuliza. Ni sauti iliyotengenezwa kuvuka bonde, na pale ilisimama hatua mbili kutoka kwenye maikrofoni iliyotegwa kwa ajili ya mnong'ono. Nilichokipata kwenye faili ni kelele ya karatasi inayochanwa. Na wimbo uliofuata, ambao shangazi mkubwa alikuwa ameuanzisha mwenyewe na ambao sijawahi kuusikia tena, ulipasuka wote vilevile kwa sababu mkono wangu ulichelewa kuifikia geini. Nilipomwomba shangazi warudie, aliniuliza kama ningependa pia mbuzi warudishwe ili mazungumzo yaanze upya.

Kosa lilikuwa langu. Lakini liangalieni kwa hesabu. Mnong'ono ni kama desibeli 30. Mazungumzo ya kawaida, ukiwa umbali wa mita moja, ni kama 60. Ngemi ya karibu hupita 100. Kila ongezeko la desibeli 20 maana yake msukumo wa hewa umezidishwa mara kumi. Kutoka mazungumzo hadi ngemi, basi, ni zaidi ya mara mia moja, na safari hiyo huchukua chini ya nusu sekunde. Hakuna mkono wa fundi unaowahi.

Studio zina dawa yake ya zamani: unafanya jaribio, unamwambia mwimbaji aimbe pale panapopaa zaidi, unapanga geini, unaacha nafasi juu. Hugh Tracey, aliyezunguka Kenya mwaka 1950 akirekodi ngoma na nyimbo, alisafiri na lori, jenereta na wasaidizi, na waimbaji walijua wamekuja kurekodiwa. Sisi tunakwenda Mukurweini kwa bodaboda. Mtu mmoja ndiye mwuliza maswali, ndiye fundi, ndiye anayeshika kikombe cha chai ambacho hawezi kukikataa. Yule cucu, yaani bibi, anayesimulia hajui neno jaribio; ukimwambia aseme tena kwa sauti ya juu, hadithi imekwisha ladha.

Wapo watakaosema simu inatosha, kwani hujirekebisha yenyewe. Ni kweli hujirekebisha, na hapo ndipo penye taabu. Simu hushusha sauti kubwa na kupandisha ndogo bila kukuuliza, hivyo mzee akinyamaza kufikiri, kuku, redio ya jirani na pikipiki ya barabarani vyote hupanda kuja kujaza kimya chake. Kimya cha mzee ni sehemu ya maneno yake. Kumbukumbu ya sauti iliyotumwa kwa WhatsApp nayo hubanwa sana ili isafiri kwa bando dogo. Inafaa kumwambia mtu anunue sukari, haifai kuhifadhiwa.

Hoja ya pili: mizani mbili

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wauzaji wanapopita mbio.

Wengi wenu mmepeleka kahawa kiwandani. Mizani ya pale hupima debe na gunia. Ukiweka juu yake punje moja ya kahawa, mshale hautikisiki. Kwa mizani hiyo punje ile haipo. Sasa chukua mizani ya sonara. Hiyo itakuambia uzito wa punje mpaka sehemu ya gramu, lakini ukiitupia gunia, umeivunja. Kinasa sauti cha kawaida kina mizani moja, na geini ni jinsi ya kuamua, kabla mkulima hajafika, kama leo utapima punje au gunia. Mimi siku ile niliamua punje, yakaja magunia sita.

Vinasa vizuri vya aina mpya vina mizani zote mbili kwa kila njia ya sauti. Kifaa kinachogeuza umeme wa maikrofoni kuwa tarakimu tukiite kigeuzi. Ndani ya vinasa hivi, kila njia ina vigeuzi viwili vinavyosikiliza maikrofoni ileile kwa wakati uleule, kimoja kikiwa kimepangwa kwa sauti ndogo na kingine kwa sauti kubwa. Programu ya ndani husoma kile kinachopima vizuri kwa sasa, na kimoja kinapozidiwa kazi hukabidhiwa kingine bila wewe kusikia kiungo. Mwaka 2019 ndipo njia hii ilipoanza kujulikana sana katika vyombo vya kubeba, kwa Zoom F6 na kwa MixPre za kizazi cha pili za Sound Devices. Vyombo vidogo na vya bei ya chini vilifuata.

Na nukta inayoelea je? Huo ni uandishi wa matokeo kwenye daftari. Mkulima akisema ana saba, utauliza: saba nini, gramu, kilo au tani? Tarakimu ni ileile, kipimo ndicho kinachohama. Faili ya biti 24 ya kawaida ni rula yenye alama milioni 16.7, na urefu wake haubadiliki; kinachozidi rula kinakatwa. Kila biti hukupa takriban desibeli 6, kwa hiyo biti 16 ni 96 na biti 24 ni 144. Katika biti 32 zinazoelea, kwa kanuni iliyowekwa mwaka 1985 na inayoitwa IEEE 754, biti moja husema chanya au hasi, 23 huandika tarakimu, na 8 huandika kipeo, yaani kama ni gramu, kilo au tani. Usahihi wa tarakimu unabaki karibu uleule wa biti 24, lakini sasa rula inarefuka na kufupika yenyewe.

Hapo ndipo mtaona kwenye kasha namba ya desibeli 1,528. Hesabu yake ni sahihi, ila haina kazi. Sauti hewani, kabla haijageuka kuwa kitu kingine kama mlipuko, hufika takriban desibeli 194. Hakuna maikrofoni itakayokaribia 1,528, hakuna sikio, wala hakuna mlima utakaobaki umesimama. Namba hiyo ni ukubwa wa daftari. Uzuri wa kipimo unatoka kwenye mizani.

Ndiyo maana swali la kwanza la kumwuliza muuzaji si "biti ngapi?" Mwulize: "Kina vigeuzi viwili kwa kila njia?" Akikodoa macho, omba kitabu cha maelezo ukisome mwenyewe. Chombo chenye kigeuzi kimoja kinachoandika faili ya biti 32 kimekuuzia daftari kubwa pamoja na mizani ya zamani.

Jambo moja dogo litakalowatisha siku ya kwanza. Mkifungua faili ya nukta inayoelea kwenye kompyuta, huenda mkaona mawimbi yamekatwa vichwa, bapa kabisa. Msilie. Teremsheni kiwango cha sauti, na vilele vitajitokeza. Ni kama Batian, kilele cha Mlima Kenya, saa nne asubuhi: mawingu yameifunika, lakini wewe uliyezaliwa hapa huhitaji kuambiwa kwamba ipo.

Hoja ya tatu: kuelea kunakomea kwenye maikrofoni

Tarakimu zinaelea. Maikrofoni haielei. Utando wake una kikomo chake, na ukipita hapo mpasuko unazaliwa ndani ya maikrofoni kabla kigeuzi hakijapata habari. Vinasa vidogo vyenye maikrofoni zake vinaandika kikomo hicho: Zoom H1essential inataja desibeli 120, H4essential 130. Kwa mzee na kwa kwaya ndogo inatosha. Ukikisogeza mbele ya spika za muziki wa mugithi usiku wa Jumamosi, hesabu inabadilika.

Kwa wanaorekodi ibada kwa kuchomeka waya kwenye miksa ya kanisa, sikilizeni: kama fundi wa miksa amepandisha mpaka taa nyekundu inawaka tangu wimbo wa kwanza, kinasa chako cha nukta inayoelea kitaandika ule mpasuko kwa uaminifu mkubwa sana. Kimepokea kitu kilichokwisha kuvunjika. Suluhisho hapo ni kuzungumza na fundi, ikiwezekana kabla ya ibada na baada ya kumnunulia soda.

Upande wa chini nako kuna kikomo. Kila maikrofoni ina mvumo wake wa ndani. Nzuri za studio huwa chini ya desibeli 10. Zile ndogo za kubana kwenye kola zinaweza kufika 25 au zaidi. Ukitaka kurekodi perere akilia usiku kwenye misitu ya Aberdare, au kimya cha Tetu kabla ya jogoo wa kwanza, mvumo huo ndio utakaousikia ukipandisha faili. Vinasa navyo vina mvumo wake. Kwenye karatasi ya maelezo tafuta kipimo cha mvumo wa kiingizio: kikikaribia hasi 127 ni kizuri mno, na kadiri namba inavyosogea kuelekea hasi 100 ndivyo utakavyosikia mvua isiyonyesha.

Halafu upepo. Wale wa Kieni na Naro Moru wanajua upepo wa uwandani ukivuka mashamba ya ngano. Upepo hauingii kama sauti. Unausukuma utando wenyewe, na hakuna biti itakayousafisha. Kikinga-upepo cha manyoya ni bei ndogo kuliko kinasa, na nimeona watu wakirudi na siku nzima iliyoharibika kwa kukosa hicho tu.

La mwisho katika hoja hii ni umbali, nalo halina gharama. Mahali pasipo na mwangwi mwingi, ukisogea kutoka mita moja hadi nusu mita, sauti ya msemaji hupanda kwa takriban desibeli 6, wakati mvua juu ya mabati inabaki vilevile. Nukta inayoelea inahifadhi uwiano wa msemaji na mvua jinsi ulivyokuwa; haiwezi kuubadilisha. Sogeza kiti. Bwana wa safu ya tatu anayemnong'oneza jirani yake tangu nianze anaelewa nguvu ya kukaa karibu.

Hoja ya nne: mtego wa intafesi

Hii ni fupi. Wenye studio za nyumbani wanafungua programu ya Audacity, wanaona imeandikwa biti 32 zinazoelea, na wanafikiri wameshapata. Programu hiyo huandika hivyo kwa kawaida yake, na inasaidia wakati wa kuhariri. Lakini intafesi nyingi zilizoko mezani kwenu, ikiwa ni pamoja na zile maarufu za Focusrite Scarlett, hutuma biti 24 zisizoelea. Sauti ikipasuka kwenye intafesi, Audacity inapokea vipande na kuvihifadhi vizuri ndani ya sanduku kubwa. Intafesi zinazoelea kweli zipo. Zoom UAC-232 ni mojawapo, na Zoom F3 yenyewe hugeuka intafesi ukiichomeka kwenye kompyuta.

Je, studio inazihitaji? Kwa maoni yangu, mara chache. Mtangazaji aliyeketi mbele ya maikrofoni ileile kila asubuhi, kwa sauti ileile, anajua geini yake kama anavyojua ngazi za nyumbani kwake. Scarlett nyingi za kizazi cha nne zina kipengele cha kushusha geini zenyewe sauti inapokaribia kupasuka, na chumba chenye mapazia na zulia kitakufaidi kuliko biti nane za kipeo.

Hoja ya tano: nani anunue nini

Sitataja bei, kwa kuwa zinapanda na kushuka na dola, na mhadhara ukichapishwa nitaonekana mwongo kabla wino haujakauka.

Mwanafunzi au mwandishi wa habari wa mashinani anayetaka kuanza, atazame H1essential. Inatumia betri mbili ndogo za AAA na haina geini. Nimeikuta mikononi mwa vijana ambao hawajasomea sauti hata siku moja, na faili zao zinasikika. Kasoro yake ni kwamba haina matundu ya kuchomeka maikrofoni kubwa zenye pini tatu.

Anayekusanya simulizi za wazee, ningemshauri kitu tofauti: vile vipitisha sauti vidogo vya kubana kwenye nguo ambavyo pia hurekodi ndani yake kwa nukta inayoelea, kama Rode Wireless Pro au DJI Mic 2. Kimoja kinakaa kwenye shuka ya cucu, kingine kwenye kola yako. Mawasiliano yakikatika, rekodi iliyo ndani ya kidude haijakatika. Umbali umeshapunguzwa mpaka kiganja kimoja kutoka mdomoni, na mvua inapoanza hapo ndipo utakapoona faida. Mpe kwanza cucu akishike, akigeuze, aulize kinauma au hakiumi. Dakika tano hizo usizifanyie ubahili.

Kwa kwaya, ngoma na sauti za msituni, mimi natumia F3, ndiyo hii iliyo mezani. Ina viingizio viwili vya pini tatu, inatoa umeme kwa maikrofoni zinazouhitaji, na inakula betri mbili za AA. Haina maikrofoni yake (leo inatumia nilizoichomekea), kwa hiyo bei ya dukani siyo bei ya kazi. Ongeza maikrofoni mbili, kebo, kisimamio na manyoya. Anayetaka maikrofoni zilizojengewa ndani pamoja na viingizio, aangalie H4essential au Portacapture X6 na X8 za Tascam.

Na asiye na pesa za vyote hivyo? Vipo vinasa vya zamani vinavyoandika faili mbili kwa pamoja, ya pili ikiwa chini kidogo ili ya kwanza ikipasuka uikimbilie. Tascam DR-40 hufanya hivyo, na Zoom H6 ya mwaka 2013 huweka ya akiba desibeli 12 chini. Desibeli 12 zingetosha kuniokoa siku ya ruracio? Kwa mashangazi wawili, pengine. Kwa sita, nina shaka.

Kuhusu betri, wale mnaopanda mlima mkumbuke kwamba baridi huzinyonya betri za kawaida. Kituo cha Met kwenye njia ya Naro Moru kiko mita 3,050, na usiku huko betri iliyoonyesha imejaa jioni inaweza kukuaga alfajiri. Beba za lithiamu, na zilale nawe ndani ya begi la kulalia. Asubuhi usikitoe kinasa chenye baridi moja kwa moja kwenye kibanda chenye jiko. Kifunge kwenye mfuko mpaka kizoee joto, la sivyo maji yatatona ndani.

Kadi nazo. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na njia mbili, biti 24 zinachukua takriban gigabaiti 1.04 kwa saa. Biti 32 zinachukua 1.38. Ni theluthi moja zaidi, na kwa kadi ya gigabaiti 64 hutalalamika. Jaza kadi mpya mara moja nyumbani, ifungue, isikilize, ndipo uipeleke kazini. Kadi bandia huonekana halisi mpaka ijae.

Hoja ya sita: baada ya kurudi nyumbani

Faili ya nukta inayoelea ni kahawa mbivu; haikai. Programu nyingine huikata vichwa inapoifungua au kuigeuza, kwa hiyo teremsha kiwango kwanza, hakikisha hakuna kilele kinachopita sifuri, kisha utoe nakala ya biti 24. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, katika mwongozo wake unaoitwa TC-04, kinaweka biti 24 na sampuli 48,000 kuwa kiwango cha chini cha kuhifadhi. Nakala hiyo ndiyo utakayowapa watu wa redio na maktaba. Ya asili usiifute. Weka nakala tatu, na moja isiwe nyumba moja na nyingine. Andika pia jina, mahali, tarehe na lugha ndani ya jina la faili, kwani mjukuu wako hatajua REC0047 ni nani.

Wajukuu hawa si mzaha. Joseph Kamaru, mwanamuziki wa Kangema aliyefariki mwaka 2018, ameacha mjukuu mwenye jina hilohilo. Dunia inamfahamu kama KMRU. Hutembea na vinasa, hunasa sauti za mazingira na kuzifuma kuwa muziki. Albamu yake *Peel* ilitoka mwaka 2020. Kijana huyohuyo amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake. Ameweza kufanya hivyo kwa sababu rekodi zilikuwapo.

Hoja ya saba: kinachosikia mno

Hii sikuikuta kwenye kitabu cha maelezo cha kampuni yoyote. Kinasa kizuri kisichohitaji kuguswa husahaulika. Mtu anasimulia, anamaliza, anakunywa chai, halafu anamwambia binti yake jambo la shamba kwa mnong'ono. Zamani mnong'ono huo ungezama kwenye mvumo. Sasa upo, safi, na mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuupandisha mpaka usikike.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatambua sauti ya mtu kuwa yake, na Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inatambua kwamba wimbo wa jamii una wenyewe. Lakini hata bila sheria, onyesha taa nyekundu, sema "sasa nimezima", na uzime kweli. Niliwahi kufuta saa nzima kwa sababu mzee aliniomba. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote za siku ile. Sikumpigia mtu simu kulalamika.

Mheshimiwa mwenyekiti, namalizia.

Hali ya Hatari ya wakati wa ukoloni ilitangazwa hapa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Aliyekuwa na miaka 18 siku hiyo leo amepita 90. Mwaka 2013, Uingereza ilipokubali kuwalipa wadai 5,228 waliodhulumiwa wakati ule, kesi ilikuwa imesimama pia juu ya maneno ya wazee. Wengi wa wazee hao waliishi kwenye milima hii, na wengi zaidi hawakuulizwa kitu. Kwa hiyo naomba kazi ya kuwarekodi wazee ianze likizo ya Desemba, vijana wanaporudi kutoka Nairobi. Kila wadi ipate kinasa kimoja cha kuazimana, siyo kila mtu chake. Walimu wa Kigikuyu, Kimeru na Kiembu watengeneze orodha ya maswali kufikia Agosti. Maktaba moja kati ya zilizo hapa ijitolee diski ya kuhifadhia; nimeona wakutubi wawili wakitazamana, nalichukua hilo kuwa jibu.

Sasa tukirudie kidude chetu. Kimekaa hapa tangu mwanzo. Kimeichukua nyundo ya mwenyekiti, mvua iliyotupita dakika ishirini zilizopita, makofi yenu, na mnong'ono wa yule bwana wa safu ya tatu. Nakizima. Nitateremsha nyundo, nitapandisha safu ya tatu. Bwana, una ruhusa ya kukataa kabla sijabonyeza.